Mke wa mume asiyeamka: uchambuzi wa kisa cha Safed

Mwaka 2007 mwanamume mmoja wa Kiyahudi nchini Israeli alipata ajali ya pikipiki na kuumia vibaya ubongo. Hakufa, lakini fahamu hazikumrudia. Alibaki kitandani akipumua, hasemi, haelewi anachoambiwa, na madaktari hawakuona tumaini la kupona. Mkewe akajikuta katika hali ambayo dini yake inaijua tangu zamani na kuiogopa. Hakuwa mjane, kwa kuwa mumewe yu hai. Hakuwa mtalikiwa, kwa kuwa mumewe hana uwezo wa kutoa talaka. Ndoa yenyewe ilikuwa imebaki jina. Mwanamke wa namna hii huitwa aguna, mke aliyefungwa.

Shauri lake lilifika mahakama ya kirabi ya Safed, mji wa kale wa milimani kaskazini mwa nchi, na mwaka 2014 majaji wa hapo walimpa talaka bila mume kutamka neno. Miaka mitatu baadaye kisa kikaishia Mahakama ya Juu mjini Jerusalem. Magazeti ya huko yalimwita aguna wa Safed, bila jina. Hapa pia hatakuwa na jina, yeye wala mumewe wala ndugu zao. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi dini na dola zinavyoshikana katika maisha ya Waisraeli wa leo, na kwa sababu naamini majaji wa Safed walitenda haki. Waliowapinga nao walikuwa na hoja nzito, na bila kuzielewa hoja hizo mtu hawezi kuona majaji wale walibeba mzigo gani.

Usuli: ndoa inayofunguliwa na mume peke yake

Israeli haina ndoa ya bomani. Mfumo uliorithiwa kutoka dola ya Waturuki, ukaendelezwa na Waingereza, unaiachia kila dini mambo ya ndoa za watu wake. Waislamu wana mahakama za kadhi, Wadruzi wana zao, makanisa yanayotambuliwa yana yao, na Wayahudi, kwa sheria ya mwaka 1953, wako chini ya mahakama za kirabi katika kuoana na kuachana. Haijalishi kama Myahudi huyo anasali mara tatu kwa siku au hajatia mguu sinagogi tangu utotoni. Wasiotaka kupitia kwa marabi hupanda ndege hadi Cyprus, wakafunga ndoa ya kiserikali na kurudi na cheti, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1963 serikali huwaandikisha kuwa wanandoa. Lakini hata hao, ikiwa wote wawili ni Wayahudi, siku ya kuachana hujikuta mbele ya mlango uleule wa mahakama ya kirabi.

Msomaji aliyezoea mahakama ya kadhi ya Mombasa au Zanzibar atauliza kwa nini jaji asiivunje ndoa mwenyewe. Kadhi ana faskhi. Mume akitoweka, akishindwa kumtunza mkewe, akapatwa na ugonjwa usiovumilika, mke huenda kwa kadhi na kadhi anaweza kuitengua ndoa. Jaji wa kirabi, ambaye huitwa dayan, hana mamlaka hayo. Katika halakha, yaani sheria ya Kiyahudi, talaka ni tendo la mume kwa hiari yake, na msingi wake ni Kumbukumbu la Torati sura ya 24: mume aandike hati ya kuachana, ampe mkewe mkononi. Mahakama husimamia, hushauri, huamuru. Chini ya sheria ya mwaka 1995 inaweza hata kumnyang'anya mume mkaidi leseni ya udereva, kumzuia kusafiri nje ya nchi, na kumtia jela. Lakini mwisho wa yote ni lazima yeye mwenyewe aseme kwamba anataka kumwacha mkewe.

Ili kuelewa ugumu wa kesi hii inafaa kuitazama hati yenyewe, ile ambayo Wayahudi huiita get. Haichapwi wala si fomu ya kujaza nafasi zilizo wazi. Mwandishi maalumu huiandika kwa mkono, mistari 12, kwa ajili ya mume huyu na mke huyu tu, pamoja na majina yao yote ya utani na jina la mji kwa kutaja mito au chemchemi zake. Kabla ya kuandika, mwandishi humpa mume kalamu, wino na karatasi kama zawadi, ili viwe mali ya mume. Mume humrudishia na kumwagiza aandike kwa niaba yake, kwa ajili ya mkewe, kwa nia ya kumwacha. Mashahidi wawili hutia sahihi. Kisha mume huidondosha hati katika viganja vya mke vilivyokingwa pamoja, akitamka kwamba hii ndiyo talaka yake. Mke hufumba viganja, huibana hati kwapani, hutembea hatua chache kuonyesha kwamba sasa ni yake. Baadaye majaji huichana au kuikata hati hiyo na kuiweka kwenye kumbukumbu, na mke huondoka na cheti cha mahakama. Tazama ni mara ngapi katika shughuli hiyo mume anatakiwa kufungua kinywa.

Kosa katika hati hii lina gharama ya kutisha. Ikiwa talaka ni batili na mwanamke akaolewa tena, mbele ya halakha amezini akiwa mke wa mtu, na watoto atakaozaa na mume wa pili watakuwa mamzer. Mamzer haruhusiwi kuoa wala kuolewa na Myahudi wa kawaida, na hali hiyo hurithiwa na wazao wake. Katika nchi ambako marabi ndio wanaosajili ndoa, na ambako orodha ya watu wasioruhusiwa kufunga ndoa ipo kweli, huo si mjadala wa vitabuni. Kila dayan anayetia sahihi talaka yenye utata anajua kwamba akikosea, atakayelipa ni mtoto ambaye hajazaliwa.

Mume anayekataa na mume asiyeweza

Kelele nyingi kuhusu talaka za Kiyahudi leo zinawahusu waume wanaokataa: mume anataka nyumba, anataka fedha, au anataka tu kumkomesha mwanamke. Kwa hao kuna jela na kuna kufungiwa akaunti za benki. Zana hizo hazina kazi kwa mtu aliyelala bila fahamu. Hakatai chochote. Ukimfunga jela hujamfunga, na ukimwachia hajaachiwa.

Tatizo hili ni la kale. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika kitabu chake cha Gittin kinachohusu talaka, sura ya 7, inamzungumzia mtu aliyepagawa na ugonjwa wa akili kisha akasema mwandikieni mke wangu talaka: maneno yake hayahesabiwi. Je, kama alisema akiwa mzima, kisha ugonjwa ukamshika kabla hati haijaandikwa? Hapo wahenga wa Talmud, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, waligawanyika. Resh Lakish aliona iandikwe na itolewe papo hapo. Rabi Yohanan aliona isubiriwe mpaka mgonjwa apate nafuu. Tofauti hiyo iko hai hadi leo, na hapo mume alikuwa angalau ameshatoa agizo. Mume wa Safed hakuwa ameagiza lolote.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo linalouma zaidi. Kama ajali ingempata mke, mume angekuwa na mlango. Katazo la kuoa mke wa pili miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya lilitokana na Rabenu Gershom, mwanachuoni aliyeishi Ujerumani takriban miaka 1000 iliyopita, na kwa kuwa ni katazo la marabi, marabi wanaweza kulilegeza. Mume ambaye mkewe amepoteza akili anaweza kupewa ruhusa ya marabi 100, akaweka hati ya talaka mahakamani kwa ajili ya mke mgonjwa, na akaoa mwingine. Mwanamke hana marabi 100. Kifungo chake kinatoka katika Torati yenyewe, na hakuna idadi ya sahihi inayoweza kukifungua.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Baada ya ajali ya 2007 miaka ilipita. Mwanamke huyu alikuwa wa jamii ya wacha Mungu. Nalitaja hili kwa sababu watu wa mbali hudhani kwamba anayeumizwa na sheria ya dini anaweza tu kuipa kisogo. Angeweza kuishi na mtu mwingine bila ndoa, na dola isingemgusa. Hakutaka hivyo. Alitaka kuachwa kwa njia ambayo imani yake inaitambua, awe huru mbele ya Mungu wake na mbele ya majirani zake.

Aliingia mahakama ya Safed, iliyokuwa ikiongozwa na Rabi Uriel Lavi. Majaji walikabiliana kwanza na swali la tiba: je, kuna uwezekano wa mume kuamka, hata kwa muda mfupi, hata kwa kiasi cha kutikisa kichwa kuonyesha ndiyo? Swali hili lina uzito wa kisheria. Mtu aliyepoteza usemi lakini ana akili timamu anaweza kutoa talaka kwa ishara, na Mishna inaeleza jinsi ya kumpima: aulizwe mara tatu, ili ionekane kwamba ndiyo yake ni ndiyo na hapana yake ni hapana. Kwa mume huyu hakukuwa na wa kuuliza.

Mwaka 2014 walitoa uamuzi mrefu sana, wenye kurasa nyingi za hoja kutoka Talmud hadi marabi wa zama zetu. Hati ikaandikwa na kukabidhiwa kwa niaba ya mume. Mwanamke akapewa cheti. Kwa daftari za nchi na kwa mahakama yenye mamlaka juu yake, alikuwa huru kuolewa.

Uamuzi na sababu zake

Mahakama yoyote katika hali kama hii huwa na njia chache. Inaweza kungoja kifo, na ndivyo wengi walivyofanya karne baada ya karne. Inaweza kuichimbua siku ya harusi, itafute shahidi asiyefaa au kasoro nyingine, iseme ndoa haikuwahi kuwapo. Njia hii marabi wameitumia mara nyingi kuwaokoa wanawake, ila inataka kasoro iwepo. Majaji wa Safed walipita njia ya tatu.

Talmud ina kanuni kwamba mtu anaweza kufanyiwa jambo la faida hata asipokuwapo. Jirani akikupokelea zawadi nawe uko safarini, zawadi ni yako tangu aliposhika. Hasara ni tofauti: hakuna anayeweza kukutwisha bila wewe kujua. Kwa msingi wa kanuni hii marabi wa zamani waliruhusu hati ya talaka ipokewe na mtu mwingine kwa niaba ya mke aliyeiacha dini, kwa hoja kwamba kuachwa ni faida kwake, na desturi hiyo imetajwa na Rabi Moshe Isserles wa Krakow katika karne ya 16. Kilichokuwa kipya Safed ni kuigeuza kanuni upande wa pili. Safari hii aliyesemewa ni mume, yaani mtoaji, ambaye hiari yake ndiyo roho ya talaka yote.

Hoja iliyoubeba uamuzi ilihusu utu wa yule mume. Ndoa haimpi tena chochote. Hawezi kutimiza wajibu wowote wa mume kwa mke. Na kama angeweza kufumbua macho kwa saa moja, akaona mwanamke aliyempenda amefungwa naye kwa miaka, bila mume na bila tumaini, angetaka nini? Majaji waliona kwamba mtu mwenye moyo angetaka kumwachilia. Kumfanyia tendo hilo la haki, ambalo yeye mwenyewe hawezi tena kulifanya, ni faida yake, na kwa hiyo mahakama inaweza kusimama mahali pake.

Nimeirudia hoja hii mara nyingi na kila mara inanigusa. Wengi waliomtetea mwanamke walimzungumzia yeye tu, na mume wakamfanya kama gogo lililozuia njia. Majaji wa Safed walimheshimu mume kuliko yeyote. Walikataa kuamini kwamba angetaka kukumbukwa kama kifungo cha mkewe.

Hoja za waliopinga

Upinzani ulikuwa mkali, hasa kwa marabi wa Kiharedi, yaani wa kundi linaloshika dini kwa ukali zaidi, na sehemu yake ilikuwa ya kisiasa. Lakini ndani yake mlikuwa na hoja tatu za kweli.

Ya kwanza: wanachuoni wametofautisha kumpatia mtu kitu na kumwondolea mtu kitu. Kupokea zawadi kwa niaba ya asiyekuwapo ni kumpatia. Kutoa talaka kwa niaba yake ni kuchukua kilicho chake. Wako waliosema kanuni ya faida haivuki mstari huo hata kidogo.

Ya pili: nani amesema ni faida tupu? Mke, hata kwa mtu asiye na fahamu, ni mtu wa kumtazama, kumsemea hospitalini, kumwombea. Kanuni inadai faida isiyo na doa. Hapa mtetezi wa uamuzi hana budi kujibu kwa kukisia moyo wa mtu, na moyo wa mtu ni mgumu kuusoma hata akiwa anazungumza.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Halakha inataka mume amwagize mwandishi kwa kinywa chake. Hati ambayo mume hakuiagiza hata akiwa mzima wa afya ni batili. Sasa inawezekanaje mahakama iumbe agizo ambalo halikuwahi kutolewa? Kwa wapinzani, Safed ilikuwa imeingiza kwa mlango wa nyuma lile ambalo dini imekataa siku zote, yaani jaji kuvunja ndoa kwa uwezo wake.

Hoja hii siwezi kuikanusha kirahisi. Naikubali kwamba uamuzi ulisogeza mpaka. Ninachosema ni kwamba mpaka huo umesogezwa mara nyingi na wakubwa waliokubaliwa na wote, walipoona mwanamke ameteseka vya kutosha. Ushahidi wa kifo unataka mashahidi wawili, lakini wahenga wa Talmud waliukubali wa shahidi mmoja, tena hata mke mwenyewe akishuhudia, ili asibaki amefungwa. Baada ya vita vya Oktoba 1973, Rabi Ovadia Yosef, Rabi Mkuu wa wakati huo, alipitia majalada ya mamia ya wanajeshi ambao miili yao haikuonekana au haikutambulika, akawafungulia wake zao kwa kuunganisha dalili ndogondogo ambazo kila moja peke yake isingetosha. Hakuna aliyesema kwamba ameigeuza dini.

Mtu wa pembeni anakata rufaa

Hakuna mhusika wa shauri aliyekata rufaa. Lakini baadaye mtu mmoja ambaye hakuwa mke wala mume wala mlezi wa mume, mtu wa pembeni kabisa, aliiendea Mahakama Kuu ya Kirabi mjini Jerusalem akitaka uamuzi wa Safed utenguliwe. Kwa kawaida ombi la namna hiyo lingefutwa mlangoni. Badala yake rais wa mahakama hiyo wakati huo, Rabi Mkuu Yitzhak Yosef, aliamua lisikilizwe, tena mbele ya jopo kubwa kupita lile la majaji watatu la kawaida.

Jiweke mahali pa mwanamke huyo. Ana cheti cha talaka kutoka mahakama halali ya nchi. Amekiishi kwa zaidi ya miaka miwili. Sasa anaambiwa kwamba mtu asiyemfahamu ameomba arudishwe kuwa mke wa mtu, na wakubwa wamekubali kumsikiliza.

Alikwenda Mahakama ya Juu ya Israeli, inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya dola. Hapa kuna jambo la kisheria linalopaswa kueleweka. Mahakama hiyo ya kiraia haiwezi kuamua kama talaka ni sahihi kwa halakha. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Msingi ya Mahakama kinaipa uwezo wa kuangalia mipaka tu: je, mahakama ya dini imevuka mamlaka iliyopewa na sheria? Kwa hiyo swali lililofikishwa mbele yake lilikuwa jembamba. Je, Mahakama Kuu ya Kirabi inaweza kusikiliza rufaa ya mtu asiye mhusika, dhidi ya talaka iliyokwisha kukamilika?

Tarehe 30 Machi 2017 jibu likatoka: haiwezi. Mahakama ya kirabi, kama chombo chochote cha dola, ina mamlaka yale tu iliyopewa, na sheria haikuipa mamlaka ya kufungua talaka ya watu wawili kwa ombi la mpita njia. Uamuzi wa Safed ukabaki palepale.

Kilichopatikana

Mwanamke alibaki huru. Hilo ndilo la kwanza, na lisimezwe na uchambuzi. Mtu mmoja aliyekuwa amefungwa alifunguliwa, na hakuna aliyefanikiwa kumfunga tena.

Zaidi ya hapo, faida ilikuwa na mipaka. Kwa kuwa Mahakama ya Juu ilizungumzia mamlaka tu, swali la halakha halikupata jibu la mwisho. Uamuzi wa Safed haukugeuka kuwa kanuni inayozibana mahakama nyingine. Wanaoukataa wanaendelea kuukataa, na katika jamii zinazowafuata, mwanamke aliyepewa talaka kwa njia hii anaweza kukutana na rabi asiyekubali kumwozesha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni mpangilio wa majaji wenyewe. Waliandika kwa kirefu, wakiweka kila hoja mezani pamoja na zile zilizo dhidi yao. Uamuzi wa namna hiyo unaweza kupingwa, lakini hauwezi kusemwa kwamba ulifanywa kwa pupa au kwa huruma isiyo na elimu. Katika mahakama za dini, ambako heshima ya jaji hutoka katika elimu yake kuliko katika cheo chake, urefu ule ulikuwa ngao. Jaji mwenye huruma aliyeandika ukurasa mmoja angeangushwa wiki ileile.

Pili, walichagua njia iliyoiacha ndoa kuwa ndoa. Kama wangetafuta kasoro ya siku ya harusi, mwanamke angeondoka akiambiwa kwamba miaka yake yote na mtu yule haikuwa ndoa. Waliikubali ndoa, wakayakubali mapenzi yake, na kwa jina la mapenzi hayohayo wakaifungua. Najua kwa mwanasheria hili ni la pembeni. Kwa mwanamke wa dini naamini halikuwa la pembeni.

Kilichoshindikana ni kikubwa zaidi, na hakikuanzia Safed. Mfumo ulimwacha asubiri miaka saba hivi. Kila kitu kilitegemea mwanamke mwenyewe agonge, na agonge mlango wenye majaji wanaothubutu. Mwanamke mwenye msiba uleule, akiwa chini ya mahakama ya mji mwingine, huenda angeambiwa aendelee kumwomba Mungu.

Hatua ya Mahakama Kuu ya Kirabi kuipokea rufaa ile ndiyo naiona kosa baya kuliko yote. Kama wakubwa waliona majaji wa Safed wamekosea, wangeweza kuandika, kufundisha na kujadiliana nao kama wanachuoni, na kuweka mwongozo kwa kesi za mbele. Walichotaka kufanya ni kuumalizia ugomvi wa wanachuoni mwilini mwa mwanamke ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa uamuzi ule. Na kwa kuwa walivuka mipaka, waliifanya mahakama ya kiraia iingilie kati, jambo ambalo wao wenyewe hulilalamikia siku zote. Anayetaka dini iheshimiwe na dola hana budi kuanza kwa kumheshimu mtu aliyekwisha kuachiliwa na dini hiyohiyo.

Kuhusu hofu ya mamzer, naiheshimu. Ni hofu ya watu wanaojali watoto. Lakini katika mizani ile upande mmoja kuna mtoto ambaye huenda asizaliwe, na upande wa pili kuna mwanamke aliye hai, mwenye umri unaopita. Wahenga walioulegeza ushahidi wa kifo waliijua hatari hiyohiyo, na hawakuifanya iwe sababu ya kukaa kimya.

Limebaki suala la kinga. Baadhi ya wanandoa wa Israeli husaini kabla ya harusi mkataba wa kuheshimiana, uliotungwa mwaka 2000 na marabi wawili pamoja na mwanamke mmoja anayewatetea watu katika mahakama za kirabi. Unamtwisha anayekataa kuachana malipo mazito ya kila mwezi hadi akubali. Kwa mume mkaidi ni dawa nzuri. Kwa mume asiye na fahamu hauna la kufanya, maana hakuna ukaidi wa kuutoza. Kinga inayokaribia ni ile ya zamani sana: Talmud inasimulia kwamba wanajeshi wa nyumba ya Daudi waliwaandikia wake zao talaka kabla ya kwenda vitani. Mume leo anaweza kuacha agizo la maandishi, akiwa mzima, kwamba akipatwa na hali isiyo na marejeo mahakama imwandikie mkewe hati. Agizo kama hilo lingeijibu ile hoja ya tatu ya wapinzani, maana kinywa cha mume kingekuwa kimesema. Lakini lingekutana papo hapo na Rabi Yohanan, aliyesema mtu akishapoteza fahamu, agizo lake nalo lingoje apate nafuu. Marabi wanaotaka kuwasaidia wanawake wajao wana kazi ya kufanya hapo, juu ya ukurasa huo mmoja wa Gittin, kabla ya ajali inayofuata.